Frasila Mbili Begani: Sanaa ya Hadharani na Historia ya Bagamoyo

(Hotuba iliyotolewa Bagamoyo mbele ya wasanii, walimu na wanafunzi wa sanaa, mafundi na wenyeji wa Mji Mkongwe. Imepunguzwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Wazee wetu, shikamooni. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu wasanii, walimu, vijana wa chuo, mafundi waashi na maseremala, na nyinyi mama zetu mlioepua makarai sokoni mkaja kukaa nasi hapa juani, ahsanteni sana. Mwenye maji ya kunywa ampitishie na jirani yake, maana mimi nikishika kipaza sauti siachii upesi.

Nimeombwa nizungumze juu ya sanaa ya maeneo ya wazi na historia ya mji huu. Nianze na mbuyu wa misheni. Mnaujua. Kwenye shina lake kuna kipande cha mnyororo. Mti umekua ukakimeza, zimebaki pete chache tu nje. Mgeni akifika, akiona vile vyuma, uso unambadilika, anapunguza sauti, anapiga picha. Ameshajiamulia mwenyewe kwamba ule ni mnyororo wa watumwa. Lakini masimulizi ya misheni yenyewe yanasema aliyeufunga pale alikuwa mama mmoja wa Kifaransa, na aliyefungwa alikuwa punda wake. Punda, ndugu zangu!

Sicheki utumwa. Watu waliotekwa bara walifikishwa hapa, wakavushwa kwenda Unguja, na mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walijenga hapa kijiji kizima cha waliokombolewa. Mji wenye historia nzito namna hiyo una haja gani ya kuazima mnyororo wa punda? Ninalisema hili kwa sababu sisi wasanii tunaupenda mno mnyororo. Mwambie mchoraji akuchoree historia ya Bagamoyo. Nusu saa haijaisha ameshakuletea mikono miwili, mnyororo uliokatika katikati, na jua linachomoza nyuma. Mchoro huo tumeuona hapa, tumeuona Kilwa, tumeuona kwenye fulana. Upeleke Mombasa usiku, asubuhi hakuna atakayejua kuwa umehama.

Hapo ndipo ninapogomba. Kazi ya sanaa inayowekwa hadharani katika mji kama huu itoke pale pale inaposimama: kwenye udongo wa pale, maji ya pale, watu waliopita pale na wanaopita sasa. Ukiihamisha, iwe haina maana tena. Na kama Bagamoyo ingepewa nafasi ya kutengeneza kazi moja tu ya namna hiyo, mimi ninaye wa kumpa. Nitamtaja. Kwanza tutazame wenzetu, waliofanikiwa na walioumbuka.

Aliyeumbuka ni Richard Serra, mchongaji wa Marekani. Mwaka 1981 alisimamisha ukuta wa chuma, umepinda kidogo, urefu wake kama mita 36, katikati ya uwanja wa ofisi za serikali jijini New York. Aliutunga kwa ajili ya uwanja ule na si mwingine. Wafanyakazi wa zile ofisi, ambao kila siku walilazimika kuuzunguka wakienda kula mchana, wakalalamika. Mwaka 1985 kikafanyika kikao cha hadhara, maneno yakawa mengi, na mwaka 1989 ukuta ukakatwa vipande ukapelekwa ghalani. Serra alishikilia kwamba kuihamisha kazi ile ni kuiua, na kweli ilikufa. Na wafanyakazi walisema hawakuulizwa inavyowapasa, na kweli. Kila upande ulikuwa na haki yake. Mimi kesi hiyo sijawahi kuiamulia mshindi, ila imenifundisha kuuliza mapema: nani atauzunguka ukuta huu kila siku akiwa na njaa?

Waliofanikiwa, kwa maoni yangu, ni watu wa Münster, mji wa Ujerumani wenye chuo kikuu na baiskeli nyingi. Miaka ya 1970 wenyeji walikasirishwa na sanamu ya kisasa ya George Rickey iliyokuwa iwekwe mjini. Badala ya kuwanyamazisha, wenye makumbusho wakaugeuza ugomvi ule kuwa kazi. Mwaka 1977 wakaita wasanii waje, watembee mjini, wachague wenyewe mahali, watunge kwa ajili ya mahali hapo. Wakafanya tena 1987, 1997, 2007 na 2017. Mara moja kila miaka kumi! Sisi hapa msanii akifika Jumatatu, Ijumaa tunamdai picha za uzinduzi. Kazi nyingi za Münster ziliondolewa msimu ulipokwisha, chache zikabaki kwa sababu mji wenyewe ulizitaka. Ni utaratibu wenye busara, kwani kazi isiyopendwa inaondoka bila vita.

Na yupo Gunter Demnig. Huyu anatengeneza vibao vidogo vya shaba ya njano, sentimeta kumi kwa kumi, anavizika katika njia ya miguu mbele ya nyumba ambamo mtu alikuwa akiishi kabla Wanazi hawajamchukua. Mara nyingi kibao kinaanza na maneno "Hapa aliishi", kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, alikopelekwa. Kufikia mwaka 2023 vibao hivyo vilikuwa vimepita 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Hakuna farasi, hakuna jenerali. Ukitaka kusoma, inabidi uiname.

Mtu akisikia hivyo husema, basi na sisi tuweke hapa Mtaa wa India, majina chini, tumemaliza. Ngojeni. Jiji la München lilikataa vibao hivyo kwenye ardhi yake ya umma, kwa sababu wapo viongozi wa Wayahudi walioona si adabu majina ya marehemu kukanyagwa. Na hapa kwetu? Andika Abdallah, andika Abdulrahman, majina yaliyobeba jina la Mungu, halafu uliweke chini watu walipitie na ndala. Kabla ya alasiri wazee wa msikiti watakuwa wamekufuata, nami nitakuwa nyuma yao. Wazo lililozaliwa Ulaya haliwi baya kwa kuwa limezaliwa Ulaya; ila likifika hapa lipite kwanza barazani, likae na wazee, lihojiwe.

Karibu yetu kabisa kuna kazi ya Mkunazini, Unguja, kwenye viwanja vya kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Clara Sörnäs kutoka Sweden alitengeneza sanamu za watu watano, akawaweka ndani ya shimo, wana minyororo shingoni. Pale mnyororo una haki ya kuwepo, kwa sababu mahali penyewe panaudai. Tena amewaweka chini ya usawa wa ardhi. Unasimama juu yao ukiwatazama, na baada ya dakika moja hujisikii vizuri kusimama pale ulipo. Hiyo ndiyo kazi inayojua imesimama wapi.

Sasa niwaulize. Nani anamjua Hermann von Wissmann? Mikono michache. Bushiri bin Salim je? Naam, mikono imejaa. Basi Wissmann ndiye aliyeletwa na Wajerumani kuja kuvunja vita vya Bushiri. Alikuja na askari wa Kisudani aliowaandika Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Mei 1889 akaivamia boma ya Bushiri hapa karibu na Bagamoyo. Bushiri akatoroka, akapigana miezi mingine, akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ufukweni kwetu hapa nako kuna pale mnapopaita mahali pa kunyongea, na alama yake mnaiona.

Wajerumani walimsimamishia Wissmann sanamu Dar es Salaam. Yeye juu, kofia kichwani, mkono kwenye upanga; chini yake askari Mwafrika anamtazama kwa kuinua uso. Vita vya kwanza vya dunia vilipogeuka, Waingereza wakaiondoa, ikasafiri hadi Hamburg, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu. Miaka ya 1967 na 1968 wanafunzi wakaiangusha, ikafungiwa stoo. Ingeishia hapo. Lakini mwaka 2004 msanii mmoja wa Hamburg, Jokinen, akaitoa stoo na kuisimamisha tena, kwenye bandari ya mji ule, ikakaa zaidi ya mwaka mmoja. Hakuisafisha wala hakuipamba. Akawauliza watu wapitao: tuifanye nini? Wakabishana, wakaandika, wakagombana. Kisha ikarudishwa stoo.

Hebu fikirini. Mtu aliyepiga mizinga hapa Bagamoyo anajadiliwa Hamburg kwa mwaka mzima, na sisi tuliopigwa mizinga hatukuwa na kiti kwenye baraza hiyo. Simlaumu Jokinen, kazi ile naiheshimu sana. Ila inaonyesha kwamba historia ya mji wetu mdogo ina mashina mengine mbali, na sanaa inaweza kuyafuata huko iliko. Mfano mwingine: pembe za ndovu zilizotoka hapa, nyingi zilikwenda kuwa vitufe vya piano. Huko Connecticut, Marekani, upo mji mdogo uliojengwa na kazi hiyo mpaka ukaitwa Ivoryton, mji wa pembe. Mji mdogo kwa mji mdogo. Laiti ningekuwa na nauli.

Sasa nimtaje niliyemuahidi. Ni mpagazi.

Tazameni mji unavyowakumbuka watu. Wajerumani wana boma lao la mwaka 1897, lililobomoka upande mmoja lakini bado linaitwa lao, na wana makaburi yao. Wamisionari wana misheni na makumbusho. Livingstone ana mnara. Wenye mali wana milango, na milango ile ni mizuri, sisemi kitu. Mpagazi ana nini? Ana ile nyumba ya misafara, Karavanserai, iliyotengenezwa ikawa makumbusho, na hata humo anaonekana kwa picha za watu wasiojulikana majina. Wakati ukweli ni kwamba mji huu uliinuliwa na mabega yake. Njia ya kutoka hapa kupitia Tabora hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, mdudu mbung'o anaua punda na ng'ombe njiani, gari hakuna, reli bado. Kila kilichokwenda bara na kila kilichorudi kilibebwa na mtu. Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliokuja kwa ujira, wakijadiliana bei, wakigoma wakionewa, wakimtoroka mwenye msafara mkali. Wengine walikuwa watumwa. Hawa wawili wakati mwingine walitembea mstari mmoja, na ndiyo maana mchoro wa mikono miwili na mnyororo hautoshi kabisa.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili. Vijana wa leo, frasila moja ni kama kilo 16, kwa hiyo kilo 32 hivi, mbali na mkeka wa kulalia, sufuria na posho yake mwenyewe. Kwenda: merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, kaniki, shanga, nyaya za shaba. Kurudi: pembe. Pembe kubwa ilizidi uzito huo, na aliyeibeba alijivuna nayo. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, amejitanda nguo nyekundu, na ngoma na nyimbo zikipigwa, kwa sababu bila wimbo miguu haiendi. Hii si mapambo. Ni teknolojia ya kutembea.

Na mzigo uliojulikana kuliko yote ulimwenguni ulifika hapa Februari 1874. Livingstone alifariki mwezi Mei mwaka uliotangulia kwa Chitambo, sehemu ambayo leo ni Zambia. Moyo wake watu wa msafara wake wakauzika pale pale chini ya mti. Mwili wakaukausha, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaushonea turubai, wakautia kwenye mti mmoja watu wawili waweze kuubeba mzegamzega. Walipoona vijiji vya njiani vinakataa maiti kupita, wakaufunga ufanane na mtumba wa nguo. Miezi tisa. Waliongoza watumishi wake wawili, Susi na Chuma. Alikuwepo Jacob Wainwright aliyejua kuandika. Alikuwepo Halima, mpishi. Wakaufikisha misheni, ukalala kanisani, ukavushwa Unguja, na mwezi Aprili 1874 ukazikwa London, Westminster Abbey. Wabebaji wengi walilipwa chao wakaambiwa kwaherini. Aliyeliona kaburi likifukiwa ni Wainwright. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita.

Hapa mjini kuna kibao mlangoni kinachosema kwamba Livingstone alipita hapo. Alipita, sawa. Alipita amebebwa! Wabebaji wako wapi kwenye kibao?

Pendekezo langu ni jepesi kwa maneno na zito kwa mikono. Tutengeneze mizigo. Mizigo halisi ya frasila mbili, ya mbao ngumu na mawe, yenye maumbo ya vitu vilivyobebwa: robota la merikani, pembe, koili la waya, na mmoja mrefu wa kubebwa na watu wawili. Tuipange kuanzia Karavanserai kushuka mpaka pwani, kila mmoja mahali ambapo mtu angepumzika. Haifungwi kwa saruji. Mtu yeyote anaruhusiwa kuuinua begani, aende nao hatua anazoweza, autue kwenye kituo kinachofuata. Mtalii na auinue. Mwanafunzi wa darasa la sita na ajaribu pamoja na mwenzake. Mheshimiwa akija kuzindua, badala ya kukata utepe, tumtwishe. (Makofi.) Msipige makofi bado, yeye mwenyewe bado hajakubali.

Tena tunacho chuo hapa, kilichoanza mwaka 1981 na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Tamasha lake ni la tangu 1982. Miaka yote hiyo ngoma za Kinyamwezi zimechezwa jukwaani, taa zinawaka, watu wamekaa. Wenye ngoma zile walikuja mji huu kwa miguu! Mwaka mmoja tu, jamani, ngoma ianze kule mji unakoishia, ije kwa miguu kama ilivyokuja, mizigo begani, iingie mjini asubuhi watu wanakunywa chai. Hiyo nayo ni sanaa ya mahali, na haihitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Nitaje na bahari, kwa sababu huwa tunaigeuzia mgongo tukiongea historia, wakati ndiyo iliyoamua hatima ya mji. Maji ya Bagamoyo ni mafupi. Jahazi lilitia nanga mbali, na mtu akaingia majini na mzigo kichwani. Meli kubwa za Wajerumani hazikuweza kuvumilia hali hiyo, na mwaka 1891 makao makuu yakahamia Dar es Salaam penye bandari ya kina. Mchanga ule unaoonekana maji yakipwa ndio uliotunyima kuwa jiji, na huenda ndio uliotubakishia nyumba za zamani. Ninatamani kazi moja iwekwe pale kwenye mchanga: safu ya nguzo za mti zenye urefu wa mtu, zikielekea lilipokuwa linatia nanga jahazi. Maji yakijaa zizame zibaki vichwa tu. Bamvua ikitoka zionekane zote. Hakuna saa ya kufungua wala kiingilio. Ukitaka kuziona, ujue kalenda ya mwezi, kama wavuvi wanavyoijua. Lakini wavuvi hao hao ndio wa kuulizwa kwanza, maana nguzo ikisimama njia ya mashua, usiku wa giza itatoboa chombo cha mtu. Na akina mama wa mnada wa samaki waulizwe. Sanaa ikiwazibia njia ya kubeba ndoo, wataipa jina ambalo sitalitamka hapa mbele ya watoto.

Sasa kuta. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, maana ndipo vijana wetu wanapoharibu kwa nia njema.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo, na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unanyonya maji kutoka chini, na hapa maji ya chini yana chumvi. Maji yanapanda ukutani, yanatokea usoni, yanakauka kwa upepo. Chokaa inayaruhusu. Ukuta unatoa jasho, unakauka, unaendelea na maisha. Halafu anakuja mtu na saruji, anapiga lipu safi, inang'aa, anasifiwa. Saruji haipitishi unyevu kirahisi. Unyevu unabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba, inasukuma. Baada ya masika kadhaa lipu inadondoka vipande vikubwa kama mkate, na inaondoka na uso wa jiwe. Ukitia kidole kwenye ukuta huo unatoka unga mtupu. Nendeni hapo nyuma mkajaribu, ila msichimbe sana, ukuta bado una mwenyewe.

Rangi ya mafuta inafanya vile vile, polepole. Kwa hiyo kijana anayechora picha nzuri ya jahazi kwenye ukuta wa matumbawe kwa rangi ya mafuta anaila nyumba anayoipamba. Chora kwa chokaa. Chokaa iliyozimwa kwa maji, ikalowekwa majuma mengi mpaka ikawa laini kama siagi, ukaichanganya na udongo mwekundu, au masizi, au rangi nyingine ya unga inayoelewana na chokaa. Inapakwa nyepesi, tabaka juu ya tabaka, ukuta ukiwa umelowa. Haitang'aa kama tangazo la simu. Itafifia, ndiyo, na masika itaila. Vizuri! Maana itabidi kila baada ya miaka michache vijana wapande ngazi wapake upya, na anayepaka upya analazimika kuuliza picha hii inasema nini na aliyeichora alikuwa nani. Mimi naona faida hapo kuliko rangi ya kudumu. Chokaa yenyewe tusiichome kutoka kwenye matumbawe na kuni za mikoko kama zamani, tutamaliza bahari. Chokaa ya mawe ya bara ipo, Tanga inatengenezwa siku zote.

Na kabla ya brashi kugusa ukuta, ruhusa. Wasanii hamtaki kusikia neno hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na mengine kwa kutangazwa. Inalinda hata milango na fremu za kuchonga za kabla ya 1940. Yaani mlango wa babu yako si wako peke yako. Ukiutoa usiku kumuuzia mwenye hoteli umevunja sheria, hata kama funguo unazo wewe. Nendeni Mambo ya Kale, nendeni halmashauri, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenye nyumba naye, mara nyingi, ni ukoo mzima, wengine wako Dar, wengine Muscat. Ndiyo, inachosha. Nilimsikia msanii mmoja mgeni akilalamika kwamba vikao vimemla muda kuliko kazi. Nikamwambia vikao ndiyo kazi yenyewe, kuchora kunafuata.

Juu ya fedha sina mengi. Wafadhili hutoa ya kuzindua na hawatoi ya kutunza, basi kila bajeti itenge fungu la fundi wa kurudi mwakani. Na vibao viandikwe Kiswahili kwanza. Inashangaza kwamba hili linahitaji kusemwa Bagamoyo.

Kinachofuata ni hiki. Maseremala wawili wamekubali kuchonga mzigo wa kwanza wa majaribio, nao utapimwa kwa mizani ya samaki hapo sokoni ili usipungue kilo. Ninawaomba wazee wenye nyimbo za msafara, au wenye babu aliyekuja na msafara akaoa hapa asirudi tena Unyamwezi, wabaki baada ya kikao. Vijana wanazo simu za kurekodi na wameambiwa wasikilize bila kukatiza. Wasiotaka majina yao yaandikwe waseme, hayataandikwa.

Karibuni kwa maswali. Na yule baba pale nyuma aliyekuwa akitikisa kichwa nilipoisema saruji, kama sikosei ni fundi. Yeye ndiye aanze.